Mtoto anajifunza nini kuhusu kura kutoka kwenye muvi?

Likizo ikianza, vibanda umiza vya Maili Moja na Mlandizi mkoani Pwani hujaa watoto tangu asubuhi. Kisarawe ni hivyo hivyo, na pasipo na kibanda ipo simu ya mama yenye bando. Wanachoangalia si katuni na ngumi tu. Watoto wa darasa la tano kwenda juu wanapenda sana muvi za dunia iliyoharibika: vita vimepita, maji yameisha, watu wachache wenye silaha wamewakalia wengine wote, chakula kinagawiwa kwa kipimo, na kijana mmoja anaamua kwamba sasa imetosha.

Mzazi anayepita nyuma ya mtoto hukagua mambo mawili, damu na nguo. Kama hakuna aliyechinjwa na hakuna aliyevua, anaendelea na shughuli zake. Lakini muvi hizi zinafundisha kitu kingine, na zinakifundisha kwa nguvu kuliko kipindi cha uraia shuleni. Zinamweleza mtoto binadamu ni kiumbe wa namna gani, na kama watu wa kawaida wanaweza kujitawala wenyewe au lazima awepo mbabe juu yao. Ni somo la saa mbili na hakuna anayesinzia.

Tena somo lenyewe linapitia kinywa cha msimuliaji. Tangu enzi za Lufufu, aliyejulikana Dar es Salaam kwa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, DJ wa muvi hatafsiri maneno tu. Anatia chumvi, anawapachika watu majina na anatoa hukumu yake. Dikteta wa Hollywood anaweza kugeuka "mheshimiwa" au "mwenyekiti" katikati ya kicheko cha banda zima. Mtoto anayetoka hapo haoni mpaka kati ya muvi na mtaa wake, na mzazi naye hana sababu ya kujifanya mpaka huo upo.

Unga, mafuta na majina 42

Chukua The Hunger Games, muvi ya mwaka 2012 iliyotokana na kitabu cha Suzanne Collins. Nchi inaitwa Panem. Ina wilaya 12 na makao makuu, Capitol, yanayokula jasho la wilaya hizo. Kila mwaka kila wilaya inatoa mvulana mmoja na msichana mmoja wa kati ya miaka 12 na 18. Wote 24 wanaingizwa uwanjani wauane hadi abaki mmoja, na nchi nzima inalazimishwa kutazama kwenye televisheni.

Mtoto akiulizwa kilichomsisimua atataja upinde wa Katniss. Kinachompita, na mara nyingi kinampita mzazi pia, ni namna majina yanavyopatikana. Ni bahati nasibu, kwa hiyo kwa macho inaonekana ya haki. Ila familia yenye njaa inaruhusiwa kuchukua mgao wa ziada wa nafaka na mafuta, na kwa kila mgao jina la mtoto linaongezwa kwenye chombo. Gale, rafiki wa Katniss, anasema lake limo mara 42. Mtoto wa mwenye duka ana vikaratasi vichache tu. Hakuna aliyedanganya na hakuna sheria iliyovunjwa, lakini kila mtu anajua ni wa nani watakaokufa.

Watanzania waliopiga kura mwaka 2000 na 2005 wana neno lao kwa jambo la karibu na hilo: takrima. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikamruhusu mgombea kuwakirimu wapiga kura kwa kile kilichoitwa ukarimu wa jadi. Khanga, sukari na ubwabwa vikapata hifadhi ya sheria. Aprili 2006 Mahakama Kuu ilivitamka vifungu hivyo kuwa kinyume cha Katiba, katika kesi iliyofunguliwa na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na wenzake. Hoja moja ilikuwa rahisi hata kwa mtoto wa darasa la sita: asiye na fedha hawezi kukirimu, kwa hiyo mashindano yamekwisha kabla hayajaanza.

Mtoto aliyeelewa kwa nini unga wa Panem ni mtego hahitaji kuhubiriwa kuhusu khanga ya bure. Anahitaji mtu mzima wa kuviweka vitu hivyo viwili jirani, pengine wakati wa kula, muvi ikiwa bado mbichi kichwani.

Je, binadamu ni mnyama?

Hapa ndipo muvi hizi zinapostahili kubishiwa. Nyingi zinasema kitu kimoja: ondoa polisi na umeme, jirani atamla jirani. The Purge ya mwaka 2013 imejengwa yote juu ya wazo hilo. Usiku mmoja kila mwaka, kwa saa 12, uhalifu wowote ni halali, mauaji yakiwemo, na watu waliokuwa wakisalimiana jana wanavamiana.

Baba wa hadithi za namna hii ni Lord of the Flies, riwaya ya William Golding ya 1954 ambayo Peter Brook aliitengenezea filamu mwaka 1963. Wavulana wa Kiingereza wanajikuta kisiwani bila mtu mzima. Mwanzoni wanafanya mambo ya kupendeza: wanampigia kura kiongozi, wanakubaliana kwamba anayeshika kombe kubwa la baharini ndiye mwenye zamu ya kusema. Haichukui muda. Kombe linavunjwa, wanapaka nyuso rangi, wanawindana, wanaua.

Ni hadithi kali na imesomwa dunia nzima, lakini ilitungwa. Iliyotokea kweli ni nyingine. Mwaka 1965 wavulana 6 wa shule ya bweni huko Tonga, katika Bahari ya Pasifiki, waliiba mashua wakatoroka. Dhoruba ikawapoteza, wakatupwa kwenye kisiwa kisicho na watu kiitwacho 'Ata. Walikaa huko zaidi ya mwaka mmoja, hadi Septemba 1966 nahodha Mwaustralia, Peter Warner, alipowakuta. Aliwakuta hai wote sita. Walikuwa na bustani na moto ambao hawakuuacha uzime, na walikuwa wamegawana zamu wawili wawili za shamba, jikoni na ulinzi. Waliogombana walitengwa kwa muda hadi hasira ishuke, kisha wakapatanishwa. Mmoja alivunjika mguu, wenzake wakaufunga kwa vijiti na kumfanyia kazi zake mpaka ukaunga.

Mzazi asiende mbali mno na hadithi hii. Haisemi kwamba watu ni malaika. Wavulana wa Tonga waligombana kama ndugu wengine wowote. Walichokuwa nacho ni zamu, na utaratibu wa nini kifanyike ugomvi ukizuka. Mama yeyote mwenye watoto watatu na ndoo moja ya maji anajua tofauti ya nyumba yenye zamu na nyumba isiyo nayo, na hajawahi kuhitaji mbabe mwenye bunduki kuipata.

Nguruwe waliobadilishiwa mwisho

Kuna katuni moja ya zamani ambayo wazazi huiona salama kwa sababu ina wanyama: Animal Farm ya mwaka 1954. Kitabu chake, cha George Orwell, kipo kwa Kiswahili. Fortunatus Kawegere alikitafsiri kwa jina la Shamba la Wanyama, na kikatoka mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha. Wanyama wanamfukuza mwenye shamba, wanatunga amri za usawa, kisha nguruwe wanaanza kuzirekebisha amri usiku, moja baada ya nyingine, hadi wenyewe wanakaa mezani na wanadamu.

Kwenye kitabu hadithi inaishia hapo. Wanyama wengine wanachungulia dirishani na hawawezi tena kutofautisha nguruwe na mtu. Kwenye katuni wanyama wanavamia nyumba na kuwaangusha nguruwe. Tofauti hiyo haikuja kwa bahati mbaya. Fedha za kutengeneza katuni zilitoka kwa siri CIA, shirika la ujasusi la Marekani, ambalo wakati ule wa Vita Baridi lilitaka watazamaji waondoke na hamu ya kuwapindua wakomunisti. Yaani filamu inayoonya kuhusu kubadilisha maandishi usiku, nayo ilibadilishwa maandishi usiku. Mtoto wa kidato cha kwanza akisimuliwa hili hulifurahia sana, na kuanzia hapo huuliza nani amelipia kila anachoangalia. Ni swali zuri kuwa nalo kwenye umri wa TikTok.

Kwa upande wa Kisarawe na Kibaha, chanzo bora kuliko kitabu na katuni kipo barazani. Ni bibi na babu. Novemba 1973 Rais Julius Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji vya pamoja si hiari tena bali ni amri, na hadi mwisho wa 1976 watu wote wa mashambani wawe wamehamia. Ni Nyerere yule yule aliyekuwa ameandika miaka ya nyuma kwamba ujamaa haulazimishwi. Mamilioni ya watu walihamishwa nchi nzima, Mkoa wa Pwani ukiwemo. Kuna waliopakiwa kwenye malori na vyombo vyao, na kuna walioacha mikorosho na minazi iliyopandwa na baba zao. Vijiji hivyo hivyo ndivyo vilivyopelekewa shule, zahanati na visima.

Mzee anayesimulia habari hizo huwa hasimulii kama Hollywood. Katika sentensi moja anamsifu Mwalimu, katika inayofuata anaikumbuka mikorosho yake. Hakuna jambazi wa kuchukiwa wala shujaa mwenye upinde. Kuna watu waliotaka jambo jema na hawakuwa na subira ya kuwauliza wenzao. Mtoto akikaa karibu, swali moja linatosha kumfungua mzee: babu, walipokuja kuwahamisha, nani aliulizwa?

Mkutano usiopigwa picha

Afrika Mashariki ina filamu yake ya aina hii, nayo ni fupi, dakika 20 na ushei. Inaitwa Pumzi, na iliongozwa na Mkenya Wanuri Kahiu mwaka 2009. Vita vya kugombea maji vimepita, juu ya ardhi hakuna kinachoota, na watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa linaloitwa Maitu. Jasho na mkojo vinasafishwa vinywewe tena. Umeme unazalishwa na watu wenyewe wakifanya mazoezi kwenye mashine. Hata ndoto zinazuiwa kwa vidonge. Asha, mtunza makumbusho, anapata udongo wenye unyevu na anaomba ruhusa ya kutoka nje akapande mbegu. Baraza linamkatalia. Anatoroka kwa msaada wa mfanyakazi wa usafi, anapanda mche, anaumwagilia maji yake ya mwisho na kuukinga jua kwa mwili wake hadi anakufa.

Mtoto wa Mlandizi anaielewa Pumzi haraka. Maji ya mtambo wa Ruvu Juu yanachotwa jirani na kwao na kupelekwa Dar es Salaam, na Oktoba 2022, mto ulipopungua, mgao wa maji jijini ulikuwa habari ya kila siku. Wa Kisarawe naye anaujua msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, na anaujua mkaa unaotoka humo.

Ni filamu nzuri. Tatizo lake ni lile lile la karibu zote: Asha anakufa peke yake na baraza linabaki palepale. Kesho yake nani atamwagilia huo mti? Muvi hizi zina macho makali ya kumwona mtawala mbaya, lakini hazina la kusema kuhusu Jumanne ya kawaida, siku ambayo watu wanapaswa kukaa chini na kupangana.

Jumanne hiyo kisheria ipo. Kwenye vijiji vya Kisarawe, kila mkazi mwenye miaka 18 au zaidi ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji, unaopaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Huo mkutano ndio unaochagua halmashauri ya kijiji ya watu 15 hadi 25, na ndiko taarifa ya mapato na matumizi inakosomwa. Mjini Kibaha kuna mikutano ya mitaa. Hakuna mtu atakayetengeneza muvi ya mwenyekiti anayesoma mapato chini ya mwembe huku kuku wakipita, na wazazi wengi nao hawaendi. Baadhi wanasema hakuna haja, na wana ushahidi. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 24, 2019, vyama vya upinzani vilijitoa baada ya wagombea wao wengi kukatwa majina, na sehemu kubwa ya nchi viongozi walipita bila kupingwa. Panem angalau walichomoa vikaratasi.

Hata hivyo mkutano upo, na mtoto anaweza kupelekwa. Hatapiga kura, lakini atamwona mama yake akinyosha mkono na kuuliza fedha za kisima zimekwenda wapi. Ataona pia kama alijibiwa.

Kibaha ipo Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere, iliyofunguliwa Februari 2022 na kumilikiwa kwa pamoja na vyama sita vya ukombozi vya kusini mwa Afrika, CCM kikiwemo, na vyote vipo madarakani tangu nchi zao zilipojikomboa. Huko watu wazima wanafundishwa kuongoza. Watoto wa mji huo huo kwa sehemu kubwa wanafundishwa na DJ wa kibanda umiza.

Akiuliza kuhusu Oktoba

Kuna swali ambalo wazazi wa Pwani hawakuweza kulikwepa. Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, maandamano na vurugu vilizuka Dar es Salaam na miji mingine. Intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, amri ya kutotoka nje usiku ikatolewa Dar es Salaam, na watu walipoteza maisha. Kibaha na Kisarawe zinapakana na jiji hilo. Kila familia ina ndugu huko, na kwa siku hizo simu ya intaneti haikwenda. Mtoto aliyeangalia The Hunger Games hahitaji kuambiwa na mtu aunganishe. Ameshaunganisha, anasubiri tu kuuliza.

Jibu la haraka ni "hiyo ni muvi tu" au "nyamaza, kuta zina masikio". Yote mawili yanatokana na mapenzi. Mzazi anaogopa, na hofu yake ina sababu. Lakini jibu la kwanza mtoto anajua si kweli, na la pili ndilo hasa somo la muvi: watawala wote ndivyo walivyo, watu wote ndivyo walivyo, jifiche. Mtoto anayelimeza somo hilo akiwa na miaka 13 atakuwa na miaka 18 kabla ya uchaguzi wa 2030, na atakuwa ameshaamua kwamba kura ni upuuzi, au kwamba ngumi ndiyo kura.

Inawezekana kutenganisha mambo mawili. Barabarani na mtandaoni mzazi ana haki ya kuweka masharti ya usalama, na ayaite hivyo waziwazi: hili usilirushe WhatsApp, leo hutoki. Ndani ya nyumba mtoto aruhusiwe kufikiri kwa sauti. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinampa haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayomhusu, na hakikuandikwa kwa ajili ya serikali peke yake. Kumwambia mtoto kwamba baadhi ya majibu hata watu wazima bado wanayatafuta hakumpunguzii mama heshima.

Kwa wanaotaka pa kuanzia wiki hii, muvi ya mwisho ya Hunger Games zile nne za Katniss, iliyotoka mwaka 2015, inafaa kwa watoto wakubwa wa sekondari. Vita vimekwisha na waasi wameshinda. Kiongozi wao, Coin, anawaita washindi saba wa michezo iliyopita na kuwapa pendekezo: tufanye mchezo mmoja wa mwisho, safari hii wauane watoto wa Capitol. Anataka lipitishwe kidemokrasia. Wanapiga kura mezani, mmoja mmoja, na pendekezo linapita kwa kura 4 dhidi ya 3. Mmoja wa waliosema ndiyo ni Katniss mwenyewe, ambaye mdogo wake amekufa vitani.

Simamisha hapo kabla hajaonekana anachofanya baadaye. Waulize walioko sebuleni, mkubwa kwa mdogo, wangenyosha mkono upande gani, na kama kura hiyo ilikuwa halali.